Ramani za Mchangani

Methali yetu yasema penye nia pana njia. Nimeisikia ikitamkwa katika mahafali, katika semina za vijana, na hata katika vikao vya watumishi wa umma pale bajeti inapopungua na matarajio yanapoongezeka. Siipingi methali hiyo. Ninachohofia ni namna tunavyoikata katikati: tunaishika nia, tunasahau kuuliza njia yenyewe ilitoka wapi, nani aliijua kabla yetu, na ilimgharimu nani.

Kwa miaka kadhaa sasa nafundisha somo la historia ya ukoloni na ardhi. Kila mwaka tunapofika Marekani ya karne ya 18 na ya 19, wanafunzi huja na hadithi waliyokwisha kuipata kwenye filamu. Yupo mwanamume mwenye bunduki na shoka, mkewe ameketi kwenye gari la maksai, na mbele yao umesimama mlima. Mwanamume anautazama mlima, na mlima unasalimu amri. Ni hadithi inayopendeza, na ndiyo sababu inasafiri mbali. Katika makala haya nataka kueleza jinsi walowezi walivyoivuka milima ile kwa mujibu wa kumbukumbu zao wenyewe, kwa kuwa naamini habari hiyo inatuhusu hasa sisi tunaoishi kwa karatasi: walimu, wanafunzi, wanaharakati na maofisa.

Tuanzie mashariki. Milima ya Appalachian haitishi kwa urefu. Kilele chake kikuu, Mount Mitchell, kina mita 2,037, si hata nusu ya Kilimanjaro. Ugumu wake ni mpangilio. Ni safu baada ya safu, zinazokwenda sambamba kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, zimefunikwa na misitu minene, na mabonde yake mengi hayaelekei unakotaka kwenda. Ukishavuka tuta moja unakutana na jingine. Kwa zaidi ya miaka 100 makoloni ya Waingereza yalibanwa kati ya safu hizo na bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, kulikuwa na kizuizi kingine juu ya milima hiyo, nacho kilikuwa cha sheria. Tarehe 7 Oktoba 1763, baada ya vita vya miaka saba dhidi ya Wafaransa, na wakati mataifa ya wenyeji yakiwa katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la kiongozi wa Waottawa, Pontiac, Mfalme George III wa Uingereza alitoa tangazo. Mstari ulipitishwa kwenye mgongo wa milima. Upande ambao maji yake hutiririkia Atlantiki ulikuwa wa makoloni. Ng'ambo yake ilihifadhiwa kwa wenyeji, na raia hawakuruhusiwa kuinunua wala kuhamia humo pasipo idhini ya mfalme. Serikali haikusukumwa na huruma. Ilikuwa na madeni na haikutaka kugharimia vita vingine. Lakini haki ilikuwa imeandikwa, tena kwa lugha isiyo na utata.

Wakubwa wa makoloni waliusoma mstari ule kama jambo la kupita. Mwaka 1767 George Washington, ambaye baadaye angekuwa rais wa kwanza wa Marekani, alimwandikia mpima ardhi William Crawford amtafutie mapema ardhi nzuri ng'ambo ya mstari, na afanye hivyo kimyakimya, kwa kuwa aliliona tangazo lile kuwa ni hatua ya muda ya kuwatuliza wenyeji. Nawaomba maofisa wanaosoma makala haya watulie hapo kidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba mvunja mstari ni maskini mwenye shoka asiyejua sheria. Hapa tunamwona mtu mwenye wino, aliyeijua sheria vizuri, na aliyejua pia kwamba haitasimamiwa.

Njia iliyokuja kutumiwa zaidi na walowezi wa kusini ilikuwa Cumberland Gap, pengo katika safu ya milima mahali ambapo leo hukutana majimbo ya Virginia, Kentucky na Tennessee. Daktari Thomas Walker alipita hapo mwaka 1750 kwa niaba ya kampuni ya ardhi, na jina Cumberland linatokana na cheo cha mwana wa mfalme wa Uingereza ambaye hakuwahi kuliona pengo hilo. Lakini nyati wa Amerika walikuwa wameikanyaga njia hiyo kwa kwato zao tangu zamani, na Wacherokee na Washawnee waliipita kwa uwindaji, biashara na vita. Wageni wenyewe waliiita Njia ya Wapiganaji. Kwa maneno mengine, walijua kwamba ilikuwa na wenyewe.

Shujaa wa pengo hilo katika vitabu ni Daniel Boone. Mwaka 1769 alivuka akiongozwa na mchuuzi, John Finley, aliyekwisha kufika Kentucky kabla yake. Machi 1775 alirudi na watu takriban 30 wenye mashoka kufyeka njia, akiwa ameajiriwa na Kampuni ya Transylvania ya Richard Henderson, mtu aliyewahi kuwa jaji. Mwezi huohuo, mahali paitwapo Sycamore Shoals, Henderson alikuwa akinunua kutoka kwa wazee wa Kicherokee eneo la takriban ekari milioni 20 kwa bidhaa zilizothaminiwa paundi 10,000. Dragging Canoe, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliokubali, alipinga mauzo yale mkutanoni, kisha akapigana kwa miaka iliyobaki ya maisha yake. Washawnee, waliowinda katika ardhi ileile, hawakuwa sehemu ya mapatano.

Inakadiriwa kwamba hadi kufikia mwaka 1810 watu kati ya 200,000 na 300,000 walikuwa wamepita katika pengo lile. Kwa miaka 20 ya mwanzo walipita kwa miguu na kwa farasi wa mizigo, maana barabara ilipanuliwa kuruhusu magari mwaka 1796. Miongoni mwa waliopita walikuwamo Waafrika waliopitishwa wakiwa mali ya wengine. Katika msafara wa Boone wa mwaka 1775 alikuwamo mtumwa aliyeitwa Sam. Aliuawa kambi iliposhambuliwa. Jina lake limehifadhiwa katika kumbukumbu, lakini hakuna mlima ulioitwa kwa jina hilo.

Na Boone mwenyewe? Virginia ilibatilisha ununuzi wa Henderson mwaka 1778. Boone alidai maelfu ya ekari za Kentucky, lakini vipimo vyake vilikuwa na kasoro, usajili haukukamilika, na mawakili walikuwa wepesi kuliko yeye. Mwaka 1799 alihamia Missouri, wakati huo chini ya Wahispania, akiwa amepoteza karibu ardhi yake yote. Aliyeifyeka njia alishindwa na waliokuwa na hati.

Tusonge magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi na mbuga zake kubwa, hadi Rocky Mountains. Mwaka 1805 msafara wa serikali wa Meriwether Lewis na William Clark uliivuka milima hiyo upande wa kaskazini kwa taabu kubwa. Walihitaji farasi wa Washoshone, ndugu zake Sacagawea, mwanamke aliyesaidia kuwatafsiria. Walihitaji mzee wa Kishoshone wa kuwaonyesha njia. Walipotoka katika milima ya Bitterroot wakiwa na njaa iliyowafanya wale baadhi ya farasi wao, watu wa Nez Perce waliwalisha mizizi na samaki. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima ile mgeni ndiye aliyepona; yaliyompata mwenyeji baadaye yanajulikana.

Lakini njia ile ya kaskazini haikufaa magari. Iliyofaa ilipatikana kusini zaidi, na namna ilivyopatikana ndiyo kiini cha makala haya. Katika majira ya baridi ya kuelekea 1824, kundi la wawindaji wa ngozi za wanyama, akiwamo Jedediah Smith na James Clyman, lilikaa na watu wa Crow. Wawindaji walikuwa wamejaribu kuvuka milima ya Wind River wakarudishwa na theluji. Clyman alisimulia baadaye jinsi ngozi ilivyotandazwa chini, mchanga ukamwagwa juu yake na kurundikwa kuwa milima, na wenyeji wakaonyesha pa kupita. Kwa ramani hiyo ya mchanga wawindaji walizunguka kusini, wakapita mahali tunapopaita leo South Pass.

South Pass si lango la mawe kama picha zinavyotufanya tutarajie. Ni uwanda mpana na mkavu, takriban mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, unaopanda polepole kiasi kwamba wasafiri wengi hawakutambua kuwa wamevuka uti wa mgongo wa bara mpaka walipoona vijito vikielekea magharibi. Tangu miaka ya 1840 hadi reli ilipokamilika mwaka 1869, mamia ya maelfu ya watu walipitia hapo kwenda Oregon, Utah na California.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, maana filamu huiruka. Kutoka Missouri hadi Oregon ni takriban kilomita 3,200, safari ya miezi minne hadi sita. Familia ilipakia mzigo wa tani moja hivi kwenye gari la mbao lenye paa la turubai, ikafunga jozi kadhaa za maksai. Maksai alikwenda polepole kuliko farasi, lakini bei yake ilikuwa nafuu, alistahimili shida, na aliweza kuishi kwa majani duni ya njiani. Watu wengi walitembea kando ya magari ili kuwapunguzia wanyama uzito. Elimu kubwa ilikuwa kujua siku ya kuondoka. Ukiondoka mapema mno, nyasi hazijaota na wanyama watakufa. Ukichelewa, theluji itakukuta kwenye milima ya mwisho.

Kwenye mpando mkali walifunga maksai wa magari mawili kuvuta gari moja, kisha wakarudi kulichukua la pili. Kwenye mteremko walifunga magurudumu kwa minyororo yasizunguke, wakaburuza gogo nyuma ya gari, au wakazungusha kamba kwenye shina la mti na kulishusha gari kidogo kidogo. Ndivyo walivyofanya kwenye miteremko ya Mount Hood, katika barabara ya kulipia ushuru ambayo Samuel Barlow aliifungua mwaka 1846. Njia zilitapakaa majiko ya chuma, masanduku na samani zilizotupwa ili wanyama wapone. Na waliokufa, wengi wao waliuawa na kipindupindu, maradhi mengine na ajali. Waliouawa na wenyeji walikuwa wachache sana kuliko tunavyoaminishwa.

Baada ya Rocky Mountains, waliokwenda California walikutana na jangwa, kisha Sierra Nevada, safu inayopanda ghafla upande wa mashariki kama ukuta. Mwaka 1844 msafara wa watu takriban 50, ukiongozwa na Elisha Stephens, ulifika kwenye jangwa hilo bila kujua pa kupita. Walikutana na mzee wa Kipaiute waliyemwita Truckee. Lugha hawakuelewana. Mzee aliinama, akachora ardhini: hapa kuna mto, unatoka milimani, ufuateni. Baadhi ya wanaume walitangulia naye, wakaukuta mto kama alivyouchora. Msafara uliufuata hadi kwenye ziwa chini ya kilele. Hapo waliyapakua magari, wakabeba mizigo mikononi, wakawapitisha maksai mmojammoja katika ufa wa mwamba, kisha wakayavuta magari matupu juu ya ukuta wa mawe. Magari sita yaliachwa chini. Matano yalipanda, yakawa ya kwanza kuivuka Sierra. Watoto walizaliwa njiani na hakuna aliyekufa. Walifika California wakiwa wengi kuliko walivyoondoka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1846, msafara mwingine ulifika kwenye ziwa lilelile. Ni ule unaojulikana kwa jina la Donner, wenye watu 87. Wao walikuwa na kitabu. Mwanasheria mmoja, Lansford Hastings, alikuwa amechapisha mwaka 1845 mwongozo wa wahamiaji uliotaja njia ya mkato kusini mwa Ziwa la Chumvi, njia ambayo mwenyewe alikuwa hajaipita alipoiandika. Huko Fort Laramie mtu mmoja aliwaonya waziwazi wasiifuate, maana alikuwa ametoka kuipita na alijua kwamba magari yatakwama. Mtu huyo alikuwa James Clyman, yuleyule wa ramani ya mchanga ya mwaka 1824. Hawakumsikiliza. Walitumia takriban wiki mbili kufyeka njia katika milima ya Wasatch, wakapoteza maksai na magari katika jangwa la chumvi, wakafika chini ya Sierra mwishoni mwa Oktoba. Theluji ilifunga njia. Karibu nusu yao walikufa, na baadhi ya waliopona walikula nyama ya wenzao.

Katika mkasa huo wapo watu wawili ambao kwa kawaida hutajwa kwa kupita, nao ni Luis na Salvador, vijana wa Kimiwok. Walikuwa wametumwa kutoka California, upande wa pili wa mlima, kuwaletea chakula wasafiri waliokwama. Walivuka theluji kuja kuwaokoa, wakanaswa pamoja nao. Kundi dogo lilipojaribu kutoka kwa miguu mwezi Desemba na chakula kikaisha, vijana hao walipigwa risasi ili waliwe. Wengine walioliwa walikuwa wamekwisha kufa.

Nilipomaliza kusimulia hayo darasani muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo unataka kutuambia wale walowezi hawakuwa majasiri?"

Nilimjibu kwamba walikuwa majasiri sana. Mwanamke anayejifungua jangwani na kesho yake akaendelea na safari ni jasiri. Mtu anayevuta gari juu ya mwamba kwa kamba ni jasiri. Lakini ujasiri ulikuwapo katika misafara yote miwili, wa 1844 na wa 1846. Nia ilikuwapo, maksai walikuwapo, mlima ulikuwa uleule na ziwa lilelile. Tukitaka kujua kwa nini mmoja ulivuka salama na mwingine ukaangamia, ujasiri hautusaidii.

Mwenzake akadakia: "Basi kosa lao lilikuwa kusoma kitabu!"

Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu swali lilikuwa limenigusa mahali pake. Mimi naishi kwa vitabu. Hata habari za Clyman na za Truckee nimezipata vitabuni. Nikamwambia kwamba shida haikuwa kusoma. Shida ilikuwa kumwamini aliyechapisha asichokipita na kumpuuza aliyepita asichokichapisha. Hastings alikuwa na jina, na maneno yake yalikuwa na jalada. Clyman alikuwa mtu wa porini aliyetoka vumbini, na elimu yake ilianzia kwenye marundo ya mchanga kambini kwa watu wa Crow. Wasafiri walipima maneno kwa vazi la msemaji.

Tabia hiyo haikufia Sierra Nevada. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi katika kijiji kimoja cha milimani hapa nchini, tukiambatana na wataalamu wa mradi wa maji wa shirika moja. Walikuwa na ramani nzuri ya rangi. Mzee mmoja aliitazama kwa adabu, kisha akaokota kijiti. "Njooni hapa wanangu," akasema, na akachora kwenye vumbi mahali maji yanapopotelea wakati wa kiangazi na mahali yanapoibukia. Mtaalamu alimshukuru, "Ahsante sana mzee," akaendelea kufunua ramani yake. Wanafunzi wangu wawili waliinama wakanakili mchoro wa mzee kwenye daftari. Kazi yao ndiyo niliyoipa alama za juu zaidi mwaka ule.

Turudi Marekani, maana karatasi ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kupotosha njia. Ilikuwa pia na kazi ya kuamua nani anufaike baada ya njia kupatikana. Mwaka uleule wa 1844 mtu mweusi aliyezaliwa Pennsylvania, George Washington Bush, alivuka milima kwenda Oregon na familia yake, akiwasaidia kwa fedha majirani wazungu waliopungukiwa. Mlima alishauvuka alipokuta kizuizi kingine: serikali ya muda ya Oregon ilikuwa imepitisha sheria ya kuwapiga marufuku watu weusi kuishi huko, na adhabu yake ilikuwa viboko. Yeye na wenzake wakaenda kukaa kaskazini mwa mto Columbia, ambako sheria ile haikuwa na nguvu. Hata hapo hakuwa na haki ya kumiliki shamba alilolifyeka, mpaka Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mahususi kwa ajili yake mwaka 1855.

James Beckwourth, aliyezaliwa utumwani Virginia na kuishi miaka mingi na watu wa Crow, aligundua mwaka 1850 njia ya chini kuliko zote katika Sierra Nevada, takriban mita 1,590. Mwaka uliofuata aliongoza msafara wa kwanza wa magari hadi mji wa Marysville, uliotarajiwa kumlipa kwa kazi hiyo. Mji ukaungua, na malipo hayakuja. Angalau njia hiyo imebaki na jina lake.

Kisha ikaja reli, na mlima ukavukwa kwa namna ya mwisho. Maelfu ya vibarua Wachina walichimba kwa nyundo, baruti na nitrogliserini handaki la kilele cha Sierra, lenye urefu wa mita 506, katika mwamba mgumu kiasi kwamba siku nyingine hatua iliyopigwa haikuzidi sentimita 30. Juni 1867 waligoma, wakidai ujira sawa na wa wazungu. Kampuni ikawakatia chakula, na mgomo ukaisha baada ya wiki moja hivi. Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili ziliunganishwa Promontory, Utah. Katika picha mashuhuri ya siku ile ni vigumu kuwaona Wachina. Mwaka 1882 sheria ikawafungia vibarua wa Kichina mlango wa kuingia nchini humo.

Kuna uzi mmoja unaoiunganisha habari hii na pwani yetu. Mwaka 1867 mwandishi wa habari aliyeitwa Henry Morton Stanley alifuata jeshi la Marekani katika kampeni dhidi ya wenyeji wa mbuga, akaripoti pia majadiliano ya mkataba wa Medicine Lodge. Januari 1871 mwandishi huyo alitua Zanzibar. Alipoanza safari ya kuelekea Ujiji, miongoni mwa viongozi wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kuongozana na Burton na Speke, na baadaye Speke na Grant. Aliyetoka kushuhudia mbuga za Marekani zikichukuliwa aliongozwa hapa na mtu aliyeijua njia, kisha dunia ikaambiwa kwamba Stanley ndiye aliyeifungua. Walimu wetu waliotufundisha kukariri majina ya "wagunduzi" walikuwa wakikariri kutoka katika kitabu kilekile.

Nini basi tukifanye? Wanaharakati mara nyingi huniambia kwamba kukumbusha majina yaliyosahauliwa ni kazi ya makumbusho, na kwamba watu wanataka haki leo. Nakubaliana nao kuhusu haki. Lakini anayeandikwa kuwa mfunguzi wa njia ndiye anayeandikwa kuwa mwenye njia, na anayeachwa katika hadithi huachwa pia katika fidia. Ofisa anayeandaa mpango wa barabara, bwawa au hifadhi anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi. Nani aliijua njia hii kabla yetu? Nani analipa, na anatarajia kurudishiwa nini? Nani atafanya kazi, kwa ujira gani? Na nani hatakuwapo hapa tukimaliza? Majibu yaandikwe kwenye jalada hilohilo la mradi, si kwenye kiambatisho. Wanafunzi nao wanapotumwa uwandani wabebe daftari la kuchora alichochora mwenyeji, pamoja na jina lake, iwapo ameridhia litajwe.

Namaliza na Truckee. Baada ya mwaka 1844 alikwenda California, akapigana pamoja na Wamarekani chini ya John C. Frémont, na akarudi na barua ya kumtambulisha kuwa ni mtu mwema. Aliithamini barua ile kuliko chochote na kuwaonyesha wazungu aliokutana nao. Mjukuu wake, Sarah Winnemucca, alichapisha mwaka 1883 kitabu kuhusu watu wao. Humo anaeleza imani ya babu yake kwa wageni, na anaeleza pia siku ambayo, akiwa mtoto mdogo, wazungu walionekana wakija, na mama yake na shangazi yake, wakiwa wameelemewa na watoto na kushindwa kukimbia, waliwafukia yeye na binamu yake ardhini, wakawaachia nyuso tu na kuzifunika kwa matawi ya vichaka. Walilala humo siku nzima wakisubiri usiku waje kufukuliwa. Mto na mji chini ya Sierra bado vina jina linalohusishwa na mzee yule.